Tazama mwalimu kabla ya mkondo: jibu kwa mzazi wa Lamu

Swali: "Assalaam aleykum, Mwalimu. Mimi ni nahodha wa mashua ya abiria baina ya Amu na Mokowe. Binti yangu yuko Gredi ya 9 na anatakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu. Walimu wake wanamwelekeza kwenye sayansi kwa kuwa ni mwepesi wa hesabu. Bibi yake anataka abaki karibu na nyumbani asije akaachana na chuo cha Kurani. Nami nasikia kuwa kazi zote zitakuja kufanywa na akili unde (AI), na zaidi ya mara moja nimemkuta ameiachia simu imwandikie kazi ya shule. Nimwelekeze wapi, ili asije akamaliza masomo akakuta aliyoyasoma hayana kazi tena?"

Wa aleykumu salaam, ndugu yangu. Nitalijibu kwanza lile uliloliuliza waziwazi. Ikiwa binti yako ni mwepesi wa hesabu na mwenyewe anaipenda sayansi, mwache aende kwenye sayansi, lakini kabla jina la shule halijaandikwa kwenye fomu, nenda wewe mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini, akatazame ni nani anayefundisha masomo hayo katika shule hiyo. Nimefundisha miaka mingi katika visiwa hivi, na sasa kazi yangu ni kuwaandaa walimu wenzangu. Katika miaka yote hiyo sijaona jambo lililoamua zaidi hatima ya mtoto shuleni kuliko kuwapo au kutokuwapo kwa mwalimu anayelijua somo lake na anayekaa nalo mwaka mzima. Jina la mkondo huandikwa kwenye fomu kwa dakika moja. Atakachokisoma mtoto ni kile ambacho aliyesimama mbele yake anaweza kukifundisha.

Nieleze kidogo mpango wenyewe, kwa sababu wazazi wengi wa rika letu tulisoma katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, na tunayapima mambo mapya kwa kipimo cha zamani. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza Darasa la 8, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi (CBC) lilifanya mtihani wa KJSEA, wa mwisho wa Gredi ya 9, mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu hazitoki katika mtihani mmoja: asilimia 20 hutokana na tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 nyingine hutokana na kazi alizozifanya shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 hutokana na KJSEA yenyewe. Mikondo ni mitatu, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu kwa pamoja, kisha sayansi za jamii, kisha sanaa na michezo. Kila mwanafunzi, awe mkondo gani, atasoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hesabu na somo la huduma kwa jamii, halafu atachagua masomo matatu ya mkondo wake. Hesabu yenyewe iko ya aina mbili, ya kina kwa walio katika sayansi na nyepesi zaidi kwa wengine, na hapa ndipo penye uzito wa uamuzi wako. Aliyesoma hesabu ya kina pamoja na kemia na biolojia anaweza baadaye kugeukia sheria, ualimu au biashara bila tabu kubwa. Aliyeziacha Gredi ya 10, kisha akatamani uuguzi au uhandisi akiwa na miaka 19, atalazimika kurudi nyuma sana. Kwa mtoto ambaye hajajua atakuwa nani, na ambaye hesabu haimtishi, hiyo ni sababu tosha ya kuufuata ushauri wa walimu wake.

Wala usimchagulie kwa kutazama kazi zinazotabiriwa. Sisi wa Lamu tumetabiriwa mengi. Mwaka 2012 ulizinduliwa mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, na vijana wakaambiwa wajiandae. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, miaka tisa baadaye, na waliokuwa Darasa la 8 siku ya uzinduzi walikuwa tayari watu wazima wenye familia. Tuliambiwa pia kuwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ungejengwa upande wa bara na kuajiri watu wengi, lakini Juni 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta leseni yake. Nami nasema wazi kuwa uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa bahari yetu, lakini aliyekuwa amejifunga na ahadi ya kazi zile aliachwa mikono mitupu. Utalii nao uliporomoka baada ya shambulio la Mpeketoni la mwaka 2014, ukaporomoka tena mwaka 2020 kwa ajili ya korona. Katika misukosuko yote hiyo, wale niliowaona wakisimama upesi hawakuwa waliosomea kazi moja iliyotarajiwa. Walikuwa ni wale waliojua kusoma maandishi magumu wakayaelewa, kupiga hesabu za fedha na vipimo bila kusaidiwa, na kujieleza kwa lugha mbili au tatu. Waongoza watalii wa Malindi waliokuwa wakijua Kiitaliano cha kusoma na kuandika, siyo cha kuamkiana tu, walipata la kufanya hata wageni walipokosekana. Kwa hiyo pale unaponiuliza elimu ipi haitapitwa na wakati, nakutajia hiyo, na inaweza kupatikana katika mkondo wowote wenye walimu.

Sasa nirudi kwa walimu, maana hili ndilo linalonikosesha usingizi. Shirika la UNESCO limekadiria kuwa dunia itahitaji walimu wapya milioni 44 kufikia mwaka 2030 ili kila mtoto apate elimu ya msingi na ya sekondari, na milioni 15 kati yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Takwimu hiyo yaweza kuonekana ya mbali, lakini ukikaa katika shule ya Pate au Kizingitini utaiona kwa macho. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ziliwekwa ndani ya shule za msingi tangu Januari 2023, na nyingi ya shule hizo hazikuwa na maabara kwa sababu hazikujengwa ziwe za sekondari. Mwalimu aliyesomea historia na dini hujikuta akifundisha Sayansi Jumuishi kwa kuwa hakuna mwingine, naye simlaumu, kwani afadhali yeye kuliko darasa tupu. Visiwani mwetu kuna uzito wa ziada: mwalimu anayetoka mbali hufika akiwa hajui kuvuka maji, hukuta nyumba za kupanga ni chache, husikia habari za usalama, na baada ya miaka miwili huomba uhamisho. Katika vijiji vya msitu wa Boni shule zilifungwa kwa ukosefu wa usalama, na kuna watoto waliopoteza miaka ya masomo ambayo hakuna mtaala wowote, mpya wala wa zamani, utakaowarudishia.

Ndiyo maana nakutaka uende ukaulize, na uulize mambo mahususi. Usiulize kama shule ina mkondo wa sayansi, kwa kuwa utajibiwa kuwa inao, na jibu hilo litakuwa kweli kwenye karatasi. Uliza ni walimu wangapi wa fizikia, wa kemia, wa biolojia na wa hesabu walioko kazini mwaka huu, na kila mmoja amekaa hapo muda gani. Uliza kama wameajiriwa na Tume ya Walimu, au ni wa mafunzo ya kazi, au wanalipwa na bodi ya shule kutokana na karo, maana wa namna hii ya mwisho huondoka mara karo inapochelewa. Omba kuonyeshwa maabara, kisha umuulize mwanafunzi mmoja, siyo mwalimu mkuu, ni lini mara ya mwisho alifanya jaribio kwa mikono yake mwenyewe. Ukiambiwa kuwa majaribio hufanywa karibu na mtihani wa mwisho tu, jua kuwa huko sayansi hukaririwa kama utenzi. Uliza pia ni masomo yapi matatu hasa ambayo shule inaweza kuyaunganisha, kwa sababu si kila shule inaweza kumpa mtoto kila mchanganyiko anaoutaka. Kuna somo moja katika mkondo wa sayansi na teknolojia ambalo ningependa kila mzazi wa pwani alijue: teknolojia ya bahari na uvuvi. Kwa mtoto aliyekulia mashuani ni somo lenye maana kubwa, lakini ni somo linalohitaji mwalimu maalumu na vifaa, basi ulizia kama lipo kweli kabla ya kumtamanisha.

Iwapo utakuta kuwa shule ya kutwa iliyo karibu ina mwalimu mmoja tu wa sayansi, na shule ya bweni ya mbali ina idara kamili, nitakwambia umpeleke mbali, hata kama bibi yake hatapendezwa. Iwapo shule ya karibu ina walimu watatu au wanne waliotulia, mwache karibu, wala usibabaishwe na sifa za jina kubwa la bara. Kundi la kwanza lilitakiwa kuchagua shule 12, za bweni na za kutwa kwa pamoja, kwa hiyo nafasi ya kupanga yote mawili ipo.

Kuhusu akili unde, kwanza usimwadhibu binti yako. Amekuta chombo kinachotoa jibu, na hakuna aliyemfundisha namna ya kukitumia. Programu hizi, ambazo zilienea tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, mengi yake ya Kiingereza, na hujenga jibu neno baada ya neno kwa kukisia lipi linaelekea kufuata. Kwa sababu hiyo sentensi zake hunyooka hata pale habari inapokuwa si ya kweli, na mtoto ambaye bado hajalijua somo hana uwezo wa kutenga kweli na kosa. Kwa lugha yetu hali ni ngumu zaidi. Kiswahili sanifu inakimudu kwa kiasi, lakini Kiamu, Kisiyu na Kitikuu havijaandikwa vya kutosha ili mashine ivijue. Iulize kuhusu mlango wa Mkanda, ile njia nyembamba ya maji tunayoipita kwa mashua, ujionee: itakupa maneno yaliyopangika vizuri, ilhali wewe unayejua ni siku zipi za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na zipi za maji mafu, yanapobadilika kidogo, utaona mara moja kama mwandishi wake amewahi kuupita au la. Mtoto anahitaji kufika kwenye daraja hilo la kuona kosa, na hafiki huko kwa kuandikiwa.

Ninachokiogopa zaidi ni ile asilimia 20 ya kazi za shuleni. Nia ya kazi hizo ilikuwa njema, kwamba mtoto apimwe kwa anachokifanya katika miaka miwili, siyo kwa asubuhi moja ya mtihani. Lakini kazi inayotumwa nyumbani na kurudi ikiwa imechapwa haimwambii mwalimu lolote kuhusu mtoto. Zamani ilifanywa na kaka mkubwa au na mwenye duka la kuchapisha, na sasa inafanywa na simu. Dawa yake tunayo hapa Amu tangu zamani, nasi hatukuitazama kama dawa. Mwanafunzi wa chuo huketi mbele ya mwalimu wake na kibao chake au juzuu yake, akasoma sehemu yake kwa sauti, na mwalimu akamsahihisha papo hapo; haendi mbele mpaka ile sehemu imethibiti, na hakuna awezaye kusomewa na mwenziwe. Kwa njia hiyo mwanachuoni Habib Swaleh na wanafunzi wake waliwafundisha watu wa kila tabaka katika Riyadha, msikiti na chuo chake hapa Amu, na wanafunzi wakaja kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki. Walimu ninaowaandaa nawahimiza wafanye vivyo hivyo katika sayansi na katika lugha: mtoto alete kazi yake, kisha aulizwe maswali matatu kwa mdomo, na alama zitokane na majibu yake pamoja na karatasi. Ni kazi nzito kwa mwalimu mwenye watoto 60 darasani, nakiri. Ndiyo maana suala la akili unde hunirudisha kila mara kwenye suala la idadi ya walimu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilisisitiza jambo hilohilo, kwamba chombo kimsaidie mwalimu, kisichukue nafasi yake.

Nyumbani unaweza kuanza bila kusubiri shule. Mwambie binti yako aandike kila siku, kwa mwezi mzima, saa ambayo maji hujaa hapo gatini, na hali ya mwezi angani usiku wake. Ataona kuwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na kwamba bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Achore mchoro wake kwa mkono, kisha akueleze kwa nini iko hivyo. Baada ya hapo, na siyo kabla, aiulize simu swali hilohilo, na atafute ni wapi simu imesema sawa na ni wapi imekosea kuhusu bandari yetu. Hapo atakuwa amefanya sayansi ya kweli, na atakuwa amejifunza matumizi ya akili unde ambayo yatamfaa hata akifika chuo kikuu: kuitumia kama mtu wa kujadiliana naye huku kipimo cha ukweli akiwa nacho yeye mwenyewe.

Bibi yake ana hoja, nami sitaki ipuuzwe. Watoto wetu hubeba elimu mbili, ya shule na ya chuo, na ratiba ya shule imezidi kuikaza ya chuo. Hata hivyo kwenda kwenye sayansi si kuiacha dini, na kubaki nyumbani peke yake si kuihifadhi. Atakapokwenda bweni, uliza kama kuna mahali pa kuswali, kama kuna mwalimu wa kuwasomesha jioni, na namna Ramadhani inavyopangwa. Kwa mwenye kutaka kuisoma dini na Kiarabu kama masomo ya kutahiniwa, hayo yamo katika mkondo wa sayansi za jamii. Mtoto ambaye moyo wake uko huko asilazimishwe kwenye kemia kwa kuwa tu serikali inalenga takriban asilimia 60 ya wanafunzi waende kwenye sayansi. Lengo la taifa halimjui binti yako. Kwa hiyo kabla ya kunisikiliza mimi na bibi yake na walimu wake, mkalishe barazani umuulize mwenyewe ni somo lipi hulifungua bila kuamrishwa.

La fedha nitalipita kwa haraka, ila kuna jambo moja ambalo wapangaji wa kalenda hawalioni. Kiwango rasmi cha serikali kimekuwa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, nacho hakilipii bweni. Muhula wa pili huangukia msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, wakati ambapo bahari ni kali, wavuvi wengi hawatoki na abiria wa mashua hupungua, na hapo ndipo watoto wa visiwani hurudishwa nyumbani kutafuta karo. Anza kuweka akiba tangu msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na upeleke maombi ya basari ya kaunti na ya eneo bunge mapema, kabla hata matokeo hayajatoka, ukiwa na nakala za cheti chake cha kuzaliwa. Mwambie pia mhasibu wa shule, kwa maandishi, kuwa kipato chako hufuata pepo za bahari, mkubaliane kulipa sehemu kubwa muhula wa kwanza na wa tatu. Shule nyingi hukubali zikiambiwa mapema, na hukataa zikiambiwa siku mtoto ameshasimama langoni.

Ukishazitembelea shule mbili au tatu, niandikie tena. Nitajie idadi ya walimu uliowakuta kwa kila somo, michanganyiko ya masomo matatu waliyokuonyesha, na lile somo ambalo binti yako amelitaja mwenyewe. Kwa hayo nitaweza kukwambia ni mchanganyiko upi unaomwachia wazi uuguzi, uhandisi au kazi za bahari, na ni upi unaozifunga.